Isale Ndani ya Kopo la Maziwa

Asubuhi niliyofukuzwa nyumbani, mama alikuwa anapika kiburu, ndizi na maharage, na mimi nilikuwa namwibia baba kahawa. Hayo yote mawili yalikuwa ya kawaida kwetu Masama. Jua lilikuwa limetoka vizuri na kahawa ilikuwa imeanikwa uani. Nikajaza debe, nikalifunika kwa majani ya ng'ombe, nikaondoka napiga mluzi. Baba alikuwa amesimama getini.

Fimbo ya baba niliijua kuliko Sala ya Bwana. Baba alinichapa, mwalimu alinichapa, mchungaji akanitenga kanisani, na kila waliponimaliza nilikwenda kuiba tena. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ile baba hakuinua fimbo, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Elirehema," alisema, "usikanyage hapa mpaka nisikie mtu mzima mwenye akili zake amekuamini kwa kitu chochote. Hata kijiko."

Nikajiunga na jeshi. Vita vya Kagera vilipoanza nikapangwa jikoni, chini ya Koplo Mapunda, Mngoni wa Songea mwenye kicheko cha watu watatu. Wenzangu waliniita Mangi, kama Mchagga yeyote anavyoitwa akitoka kwao. Nilipika ugali wa kutosha kombania nzima, na ulikuwa mbaya, lakini aliyelalamika aliongezewa.

Wiki ya pili baada ya kuvuka mto, niliiba kopo la maziwa. Lilikuwa la mwisho, limewekwa kwa ajili ya majeruhi. Nililitoboa kwa msumari nikalinyonya lote nyuma ya lori, na sitadanganya, lilikuwa tamu.

Kesho yake luteni akatupanga mstari. Vitani mwizi hachekewi. Ningefungwa, kisha ningerudishwa kwetu kwa aibu, na baba angethibitisha alichokijua siku zote. Kopo tupu lilikuwa kwenye begi langu. Mapunda alikuwa ameliona asubuhi, nami nilimwona akiliona.

"Kopo nililitoa mimi, afande," akasema Mapunda.

Adhabu ikamwangukia yeye, nyepesi kwa kuwa alikuwa mkuu wa jiko: siku tatu za kuchimba mahandaki. Mimi nikamfuata nyuma ya turubai, nikavua shati, nikamgeuzia mgongo. Nilijua utaratibu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Vaa shati, bwana, mbu watakumaliza." Kisha akanipa ufunguo wa sanduku la chakula. "Mimi nachimba, siwezi kulinda huku. Majeruhi wakikosa chakula, utawaeleza wewe."

Nililia, jamani. Fimbo zote za Masama hazikuwahi kunitoa chozi, na huyu alinitoa kwa ufunguo.

Siku tatu zile nililala juu ya sanduku. Panya alipopita nilimuuliza anakwenda wapi. Lakini moyo haukutulia, maana kwetu ukimkosea mtu kosa zito unampelekea isale, lile jani refu linalopandwa mipakani mwa mashamba. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Nikazunguka mashamba ya watu waliokimbia mapigano mpaka nikayaona majani yenyewe, yaleyale ya kwetu. Nikakata kichwa kizima, majani na kijiti chake, nikampelekea Mapunda, aliyekuwa amerudi jikoni, kwa mikono miwili, kichwa nimeinamisha, kimya, kama inavyotakiwa.

"Mboga gani hii, Mangi?" akauliza, akaanza kuikatakata.

"Afande, acha! Unakata msamaha!"

Nikamweleza kila kitu, isale, kahawa, baba na kijiko chake. Majani yalikuwa tayari sufuriani pamoja na maharage. Alikitazama kijiti kilichobaki, akakichomeka kwenye lile kopo tupu, akatia udongo na maji.

"Basi nimekusamehe," alisema. "Na hiki nitakipanda Songea. Majani tutayala, msamaha hautupwi."

Tuliyala. Yalikuwa machungu ajabu, na luteni akauliza kama tuna nia ya kuwasaidia adui.

Kuanzia hapo sikuiba tena. Sikuapa wala sikutubu mbele ya mtu, nilikuwa tu na ufunguo. Kijiti kikatoa mizizi. Jioni nilimwona Mapunda akiandika barua, nikadhani ni ya mkewe.

Mchana mmoja tulisimama kando ya barabara kupika.

"Mangi, kachote maji," alisema. "Na ya kopo usisahau."

Nilikuwa kisimani kombora lilipoanguka.

Kisha la pili.

Nilirudi mbio. Sufuria ilikuwa imepinduka.

Mapunda alikuwa amelala kando yake. Nilimwita kwa cheo, halafu kwa jina.

Kopo nilikuwa nalo mkononi, limejaa maji.

Vita vilipokwisha nililipeleka Songea, kwa mama yake. Tulikipanda kijiti mlangoni. Hakuniuliza mwanawe alikufaje, aliuliza kama alikula siku ile. Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo, na huo sijauombea msamaha kwa mtu yeyote.

Ndipo nikaja Masama. Sikuwa na shahidi, maana mtu mzima aliyeniamini nilikuwa nimemzika. Nilitaka nimsalimie mama kwenye ua, nishuke zangu Moshi mjini kutafuta kibarua.

Baba alikuwa getini, na barua mkononi.

"Shikamoo, baba."

Akaikunjua barua. Akasoma, kwa sauti ya kanisani: "Mzee wangu, shikamoo. Mwanao Elirehema ninaye hapa. Chakula cha kombania nzima kiko chini yake, vijiko vikiwemo, nami nalala usingizi." Akaikunja. "Yuko wapi huyu Mapunda, nikamshukuru?"

"Amebaki kule, baba."

Baba akaitia barua mfukoni. Akageuka, akaenda mpakani mwa shamba. Nilidhani anakwenda kukata fimbo, na mgongo wangu ukajikaza wenyewe. Alirudi na isale, mikono miwili, kichwa ameinamisha. Mzee wangu, mbele yangu.

Kwa mila sikuweza kukataa, wala sikutaka kukataa. Lakini mdomo wangu haujawahi kuwa na adabu.

"Mboga gani hii, baba?" nikauliza, nikacheka, na kicheko kikageuka kilio. Baba akanishika mabega pale getini, akidhani vita vimeniharibu akili, mpaka mama akatoka jikoni akatuingiza ndani sote wawili.