Tulivyompisha Mkwe

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, kwetu chui hakutajwa kwa jina. Aliitwa Mkwe. Kijiji chetu kipo kati ya Bunda na Butiama, mahali ambapo mashamba ya pamba yanakwenda kukomea kwenye mawe makubwa. Mawe hayo yana pimbi wengi, na wazee walisema penye pimbi Mkwe hayuko mbali. Mtoto aliyesema "chui" wakati jua limeshaanza kushuka alipigwa kofi la mdomo, kisha akaambiwa ateme mate. Sababu tuliyopewa ilikuwa moja tu: mkwe haitwi kwa jina, na anayemwita kwa jina amemkaribisha bila kumwandalia.

Yaliyobaki tulifundishwa na Bibi, mama yake baba. "Ukikutana na mkwe wako njiani unafanyaje?" alituuliza. Tulijua, kwa sababu tuliwaona baba zetu. Mwanamume anayesifika kwa ubishi mnadani, akimwona mama mkwe wake anakuja na karai kichwani, hutoka njiani, akaingia majanini, akageuza uso na kusubiri apite. Hakimbii, maana kumkimbia mkwe ni tusi. Hamtazami, maana hilo ni tusi kubwa zaidi.

"Basi na yule ni hivyo hivyo," Bibi alisema. "Unampisha. Njia ni yake. Akishapita, na wewe unapitaga."

Mwaka ninaousimulia pamba ilistawi kuliko kawaida, ikatuzidi kimo sisi watoto. Wakati wa kuchuma ndipo uvumi ulipoanza. Uliletwa na mama mmoja wa Suguti aliyekuwa akituuzia dagaa kwa baiskeli. Alisema kwao mbwa wanatoweka na asubuhi hakuna hata mfupa. Kufikia mnada uliofuata, Mkwe alikuwa ameshaonekana lamboni, kando ya barabara ya Bunda, na nyuma ya vyoo vya shule. Wengine walisema si yeye, ni simba aliyetoka Serengeti akapotea njia. Kila aliyemwona alimwona mkubwa kuliko alivyoonwa na aliyetangulia. Fundi baiskeli wetu alisema ana urefu wa mlango. Alipoulizwa mlango upi, alifikiri kidogo, akasema wa kanisa.

Jirani yetu wa upande wa mawe alikuwa na binti aliyeitwa Wakuru, mwaka mmoja mbele yangu darasani. Mzee huyo hakuwa mkatili, ila alikuwa na mbuzi wengi na watoto wachache, na tangu mwanzo aliona shule inamnyang'anya mchungaji. Alimruhusu Wakuru kusoma kwa sharti moja, alilolitamka mbele ya majirani ili lisije likasahaulika: "Siku mbuzi wangu akipotea, vitabu navyo vimepotea." Kwa hiyo Wakuru alichunga kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona kwa mtu mzima. Kila mbuzi alimsokotea kamba ya katani ya shingoni, na kila kamba aliifunga fundo lake, tofauti na nyingine, apate kuwajua hata gizani.

Jumamosi moja tulikuwa tunarudisha mbuzi, mimi na wetu, yeye na wao, kwenye njia nyembamba inayopita kati ya pamba na mawe. Jua lilikuwa bado halijagusa vilele. Ghafla mbuzi waliacha kutafuna. Walijikusanya wakasimama, masikio yote yakielekea upande mmoja. Ndipo niliponusa harufu ambayo haikuwa na sababu ya kuwa pale. Harufu ya bisi, mahindi yakipasuka kwenye sufuria.

Wakuru alinishika shati akanivuta nje ya njia, ndani ya mistari ya pamba. Aligeuza uso wangu kwa mkono wake, kisha akapiga goti moja kama wasichana wa kwetu wanavyowapigia wakwe, akiwa ameipa njia mgongo. "Pita, Mkwe," alisema kwa lugha ya nyumbani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayemsalimu mtu. Mimi nilitazama tunda la pamba lililokuwa mbele ya pua yangu. Lilikuwa limepasuka nusu. Ningeweza kulichora hata leo. Nyuma yetu nilisikia mbuzi wakitawanyika, mmoja akalia, na kilio hicho kikakatika katikati.

Tukabaki hivyo hivyo. Mwishowe Wakuru akasimama, akajifuta goti, akasema, "Amepita."

Mbuzi jike mwekundu, mwenye mimba, hakuwepo.

Jioni hiyo tuliitwa uani kwao. Wanaume waliokuwa wamekuja kuzungumza na baba yake walikuwa wamekaa kwenye viti vya miguu mitatu, na Bibi yangu alikuwa ameketi pembeni ya ghala. Alikuwa amefuata moto wa kuwashia jiko akakaa.

"Ulimwona?" baba yake alimuuliza.

"Sikumtazama, baba."

"Kwa nini hukumtazama?"

"Mkwe hatazamwi."

Wanaume walicheka. "Huyu kweli amesoma," mmoja alisema. "Ameibiwa kwa heshima!"

Mzee hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na wewe mura, uliona nini?"

"Sikuona. Nilinusa."

"Ulinusa nini?"

"Bisi."

Kicheko hicho ninakikumbuka vizuri. Mmoja wao alijipiga mapaja. "Jamani, mpeni mtoto chakula, njaa inamsumbua!" Mwingine aliuliza kama Mkwe alikuwa anazikaanga kwa chumvi au bila chumvi.

Mzee alisubiri wamalize. "Mmelala kivulini mnasoma," alisema polepole, "mbuzi ameingia kwenye pamba za watu, na sasa mnaniletea hadithi. Wakuru, Jumatatu hutaenda shule. Wala siku nyingine."

Wakuru hakulia. Alichukua vibuyu vya maziwa akaanza kuvisuuza, kimoja baada ya kingine, kama kwamba amri aliyopewa ilikuwa hiyo. Ni Bibi aliyesema.

"Mmemfundisha adabu, ameifanya, mnamcheka. Angemtazama, usiku huu mngekuwa hamtafuti mbuzi. Mngekuwa mnatafuta mtoto."

"Mama, mimi nimepoteza mbuzi," mzee alijibu.

"Basi asubuhi twende tukamtafute. Si kwenye pamba. Kwenye mawe. Yule hali chini kama fisi. Chakula chake anakipandishaga juu."

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili, na kengele ya kanisa ilipogongwa Bibi alisema Mungu anajua kusubiri. Tulikwenda wanne: mzee na mkuki wake, Bibi, Wakuru na mimi. Tulipoyakaribia mawe, Bibi alianza kubisha hodi kwa sauti, kama mtu anayekaribia mji wa wakwe, ili mwenyewe kama yupo aondoke bila kuaibishwa. Kisha tukapanda. Juu, mahali ambapo mkuyu umeota kutoka kwenye ufa wa jiwe, Bibi alinyoosha kidole.

Kwenye panda ya mti palining'inia ngozi nyekundu na mguu mmoja. Shingoni kulikuwa na kamba ya katani. Fundo lake hata mimi nililijua.

Mzee alitazama juu kwa muda mrefu. Alivua kofia yake, akaivaa tena.

Wakati wa kurudi njia ilikuwa nyembamba. Mzee alitangulia, sisi tukifuata. Tulipofika pale pamba inapoanzia alisimama. Nilidhani amesikia kitu. Akatoka njiani, akaingia majanini, akageuza uso pembeni, akasubiri. Ilituchukua muda kuelewa anamsubiri nani apite. Wakuru aliangalia nyuma, akamwangalia Bibi. Bibi alimwashiria kwa kidevu. Wakuru akapita mbele ya baba yake, mgongo umenyooka, na alipokuwa ameshapita, mzee alisema, bado akiyatazama majani, "Kesho uwahi shule."

Sijawahi kumwona baba mwingine akimpisha mwanawe. Sidhani kama lilikuwa jambo la mila. Nadhani alitafuta neno la kuomba radhi, na lugha yetu haina neno ambalo mzee anaweza kumwambia mtoto, basi akatumia miguu.

Wakuru alimaliza shule, akawa mwalimu. Mimi nilikwenda chuo kikuu nikasomea upimaji wa ardhi, na kwa miaka mingi nimepima mashamba ya watu kutoka Kisorya hadi Butiama. Tulipooana, yule mzee akawa mkwe wangu kweli, na kila tulipokutana kwenye njia ile nilitoka nikaingia majanini. Alikuwa akipita bila kunitazama, lakini nilijua anatabasamu.

Tulijenga Makoko, karibu na ziwa, mahali ambapo hakuna chui wa kuvumishwa. Siku moja nilisoma kwamba alama ya mkojo anayoiacha chui ili kuonyesha mipaka yake hunuka kama bisi. Nilimpelekea mke wangu habari hiyo jikoni kama niliyeokota dhahabu. Alikuwa anasahihisha madaftari. "Nenda ukawaambie waliokucheka," alisema. Nilimwambia wengi wao wameshakufa. "Basi waache," alisema, "baba alishajua." Tangu hapo kila alipokaanga bisi aliwaita watoto kwa sauti kubwa: "Mkwe amefika, pisheni njia!" Na watoto wetu wakakua wakiigiza, wakigeuza nyuso ukutani, huku mikono yao ikielekea kwenye bakuli.

Alifariki mwaka jana, baada ya ugonjwa ambao haukuwa mrefu. Tulimzika kijijini, kwenye ardhi yetu, kama alivyotaka. Tangu siku ile sikulitamka jina lake. Kuliandika naweza, kama ninavyoliandika hapa. Kwa mdomo nilisema "marehemu" au "mama yenu", na watoto, kwa huruma, wakafuata.

Mwaka huu uvumi umerudi. Unapita kwenye simu sasa, pamoja na picha za chui ambao, kwa nyasi zilizowazunguka, naona hawajawahi kukanyaga Mara. Binti yangu alinitumia moja akauliza, "Baba, huyu ndiye Mkwe?" Nilimjibu kwamba sijui, kwa kuwa sikumtazama.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kijijini kusafisha kaburi. Nilipita njia ile ya zamani peke yangu, alasiri, pamba ikiwa imesimama na mawe yakiwa palepale nilipoyapima. Karibu na pale mzee alipompisha mwanawe, nilinusa bisi. Siku hizi kuna nyumba upande ule. Huenda mtu alikuwa anakaanga mahindi. Sikwenda kuhakikisha, ingawa kuhakikisha ndiyo kazi iliyonilisha maisha yangu yote. Nilitoka njiani, nikaingia kwenye pamba, nikageuza uso.

Kugeuka ni rahisi. Kazi ni kubaki umegeuka. Nilitamani kutazama kwa namna ambayo sikutamani nikiwa mtoto, maana wakati ule niliogopa kilichokuwa kinapita, na sasa niliogopa tu kwamba kitakuwa kimepita. Hospitalini, siku za mwisho, nilimkodolea macho usiku na mchana, kama kwamba macho yangeweza kumzuia. Yeye ndiye aliyeniomba nitazame dirishani kidogo, apumzike.

Nilibaki pale mpaka harufu ikaisha. Kisha nikarudi njiani nikaenda hadi kaburini, nikang'oa majani, nikasawazisha mawe ya ukingoni. Nilipomaliza, jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nikamwita kwa jina lake, mara moja, kwa sauti.

Hakuna aliyebaki wa kunipiga kofi la mdomo.