Kompyuta ya Demetria

Demetria alikuwa mpiga chapa pale Mwananyamala. Mwaka 1998 aliacha taipureta akanunua kompyuta, na tangu hapo hakuwa na raha. Skrini iligeuka buluu ghafla, mashine ikazima na kujiwasha, kazi ikapotea. Fundi Twaha alibadilisha memori, akapuliza vumbi, akaweka programu upya. Akiwepo yeye, mashine inatulia. Akiondoka tu, buluu.

Siku moja jirani wa Demetria, Bi Somoe, alikuja kusimulia maisha ya marehemu mumewe, yachapwe kwa ajili ya wajukuu walioko Muscat. Alisimulia asubuhi nzima, mara anacheka, mara anafuta machozi. Alipofikia harusi yao, skrini ikageuka buluu. Hata kile Demetria alichokuwa amehifadhi kikagoma kufunguka.

Bi Somoe akaanza upya, safari hii kwa ufupi. Buluu tena.

"Nisamehe mama," Demetria alisema, kashika kichwa. "Sijui nifanye nini."

"Basi, mwanangu. Andika tu alikuwa mpole, na mie nilimpenda."

Demetria akaandika upesi, akachapisha. Karatasi ilitoka na mstari mmoja. Bi Somoe akaikunja, akaondoka nayo.