Konzi Tatu za Sukari

Kila nikisaga hiliki jikoni mwa hoteli, harufu yake hunirudisha uani kwa bibi, Chukwani. Leo nilikuwa naigeuza keki yake iwe ya gramu, itoshe wageni themanini. Unga na siagi havikunisumbua, maana kikombe chake cha chai ninacho, nikavipima kwenye mizani. Sukari yeye alitia konzi tatu. Nilitia zangu tatu, keki ya kujaribia ikatoka tamu mno, ikabonyea katikati.

Ndipo nikakumbuka kwamba sukari hakuwa akichota yeye. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa maradhi, mkono haufumbi.

"Chota wewe, mjukuu wangu," alinambia, "mie nshachoka kumwaga."

Nilichota mara tatu, punje zikininasa kwenye jasho la kiganja. Makaa yalikuwa yameshakolea. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaupangusa kwa upindo wa kanga.

"Mwakani tutatia mbili," akasema. "Mkono unakua huu."

Mwaka uliofuata hatukuipika sote wawili; bibi hakuufikia.

Nikarudi kwenye mizani, nikachota konzi mbili, nikaandika gramu zake.