Hewa Inapoingia

"Hewa hii inaingia wapi?"

Mkuu wa Huduma, bosi wangu, aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini. Tulikuwa ghorofa ya chini ya jengo jipya la Mama Feza, mfanyabiashara wa mtaa wa Kamalondo aliyekodisha vyumba kwa mafundi cherehani. Nje, jua la Oktoba lilikuwa linachoma mabati. Ndani nilihisi baridi kwenye vifundo vya miguu, kama mtu amefungua mlango chini yangu. Nilitafuta mashine ya baridi, sikuiona.

Nilifungua mchoro. Mstari wa bluu ulitoka kwenye jengo, ukapita uani, ukaishia kwenye duara dogo karibu na ukuta wa nyuma. "Hapa, Patron," nikasema. Nikataka twende tukaone. Alicheka.

"Mchoro una muhuri, mutoto wangu. Chuoni walikufundisha kuuliza. Huku tunapima."

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mtashangaa kusikia mtu wa miaka thelathini na minne akijiita mzee. Lakini kwetu uzee ulihesabiwa kwa mafaili, na mimi nilifunga mengi kabla ya kuacha.

Kazi yetu ilikuwa kutoa cheti cha unafuu. Aliyejenga jengo la biashara lisilotumia umeme mwingi alisamehewa ushuru wa vifaa alivyoagiza: vioo, matofali mepesi, mabomba. Tulipima joto la ndani mara tatu, saa nane mchana, katika wiki za joto kabla ya mvua. Kipimo cha tatu kilikuwa na sharti: nusu ya vyumba viwe na watu wanaofanya kazi. Jengo tupu halitumii umeme, lakini pia halithibitishi lolote. Mama Feza alikuwa amepita vipimo viwili. Akikosa cha tatu angedaiwa ushuru wote, na aliniambia wazi kwamba hapo ingebidi auze jengo.

Baridi yake ilitoka kwenye kisima cha hewa. Ni bomba pana lililofukiwa ndani kabisa ya udongo mwekundu: hewa ya nje inaingia ncha moja, inapoa ikipita ardhini, halafu inatokea kwenye vitundu vya sakafu. Nililijua kwa hesabu. Kwa miguu sikuwahi kulifuata.

Siku ya kipimo cha tatu nilikuta cherehani zimepangwa barabarani. Papa Kasongo, mkubwa wa mafundi, alikuwa anafunga yake kwenye mkokoteni.

"Madame, hii nyumba iko naita bantu."

"Inaita watu? Inaita nani, Papa?"

Aliangalia kitambulisho kifuani pangu. "Inaita jina moja tu. Yako."

Wanawake walioshona mapazia wakakusanya mikasi yao. Mama Feza alinishika mkono. "Mwanangu, waambie. Wewe umesoma. Wakiondoka leo, mimi nimekwisha."

Niliingia peke yangu, nikapiga magoti kwenye kitundu cha sakafu. Kwanza nilisikia hewa tu. Kisha sauti ya mwanamke mzee, ya mbali, kama inatoka ndani ya mtungi:

"Ngoie. Ngoie, uko wapi?"

Nywele zilinisimama, sitawaficha. Lakini nilikuwa mtu wa kubisha. Ngoie ni jina la nusu ya wanawake wa Katanga, nikajiambia. Ni redio. Ni jirani. Ni chochote chenye sababu. Niligeuka nikawaona mafundi wamejaa mlangoni, Papa Kasongo mbele.

"Usiitike," alininong'oneza. "Usiyemuona akikuita, usiitike. Ukiitika, umekubali kwenda."

Hapo ndipo kiburi changu kilipoamka. Niliona nafasi ya kuwaponya woga wote kwa mara moja na kuokoa jengo. Niliinamisha mdomo kwenye kitundu, nikapaza sauti:

"Niko hapa, mama! Ninakuja!"

Sauti ilikatika. Tulisubiri. Hakuna kilichotokea: sakafu haikupasuka, mimi sikuanguka. Papa Kasongo ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Eh, Madame! Ukienda, utuachie basi kile kipimajoto!"

Kicheko kikazunguka vyumba vyote. Cherehani zikarudi moja moja. Saa nane nilipima, jengo limejaa watu, na baridi ile ile ikatupita miguuni. Mama Feza alipata cheti chake. Sauti haikusikika tena, nami nilijisifu kwa miaka kwamba nilifukuza pepo kwa neno moja.

Baadaye nilipelekwa Luano, kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, chini ya Mkurugenzi wa Vipimo aliyesema, "Ghala halina roho, lina nyuzi joto." Hata hivyo kila nilipokuta kitundu cha sakafu niliinama kusikiliza. Palikuwa kimya, na kimya kile kilinisumbua kuliko sauti. Niliwahoji wakubwa wangu juu ya kila kanuni, wakaniita Madame Kwa Nini. Swali la siku ya kwanza sikulirudia.

Nilipoacha kazi, kijana mmoja wa Kamalondo alinitafuta. Alikuwa anauza nyumba ya marehemu shangazi yake, nyuma ya jengo la Mama Feza, na mnunuzi alitaka kujua lile sanduku la saruji uani ni la nini. Nilikwenda. Nikaona wavu juu yake, nikaweka sikio. Chini ya ardhi cherehani zilikuwa zinakimbia, na wanawake wanacheka.

Wajenzi walikuwa wamekuta mwamba uani kwa Mama Feza. Wakavusha bomba chini ya ukuta kwa ruhusa ya mdomo tu, na mchoro ukabaki ulivyokuwa. Tulipima hewa inapotoka. Hakuna aliyekwenda inapoingia.

Kijana alinieleza mengine bila kujua anamweleza nani. Shangazi yake alikuwa na binti mmoja, Ngoie, aliyekwenda Pweto kununua samaki wakavu na hakurudi. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na matanga. Shangazi aliposikia wanawake wakicheka ardhini, alianza kumwita bintiye pale kwenye wavu kila mchana. Kisha siku moja aliacha kuita. Alifua shuka za kitanda cha pili, akakataa kuhamia kwa ndugu zake, na mpaka alipokufa, kila saa nane aliufungua mlango wa uani, kwa sababu binti yake alikuwa amemjibu kwamba anakuja.