Kidole cha Lydiah

Lydiah ni jirani yangu hapa Kianjokoma, tangu siku bwana alimfukuza akarudi kwao na Ciku mgongoni. Baba yake alimpatia kipande huko chini, miti mia nne ya majani chai. Mzee akakufa. Njuki, ndugu yake, yule hucheka na meno tu, akasema tuandikiane ndio kusikuwe na kelele.

Akaleta karatasi ya Kizungu. Tukapewa chai na mkate. Akatusomea kwa Kiembu: Lydiah atakaa hapo achume majani maisha yake yote. Kufika hapo akakunja karatasi. Lydiah akaweka kidole. Mimi nikaweka ya shahidi, mkate bado iko mdomoni. Hiyo sijajisamehe.

Mwaka huu Ciku akauawa na presha. Vijana wakaanza kuchimba kando ya makadamia. Shimo ilikuwa imefika magoti Njuki akikuja na ile karatasi.

"Mama Ciku, hapa hakuna mtu atazikwa."

"Ciku ni mtu wa hapa."

"Soma basi."

Na anajua Lydiah hasomi.

Tukaipeleka Manyatta kwa Asmaa, msichana wa kuchapa barua. Akaonyesha maneno mawili: provided that.

"Hiyo ni nini?" Lydiah akauliza.

"Shosho, ni vile sisi husema bora. Utakaa, bora usizike mtu hapo. Ukizika, unatoka."

"Si imesema maisha yangu yote?"

"Imesema. Lakini imesimama juu ya hii. Hii ikianguka, yote imeanguka."

Njuki si mjinga. Kwetu kaburi ndio taito ya shamba kwa mwanamke kama Lydiah. Ukishazika mtoto wako mahali, nani atakutoa hapo? Chifu naye akaangalia kidole, akasema ni ya Lydiah, yeye hana la kufanya.

Tukazika Ciku kwa makaburi ya serikali huko Embu, katikati ya watu hatujui. Njuki alitoa gari, na ndiye aliomba. Mimi sikufunga macho.

Kwa ile shimo Lydiah akapanda ndizi. Asubuhi nikapata Njuki ameinama hapo, anadunga udongo na fimbo.

"Chimba mpaka chini," nikamwambia. "Labda tulimrudisha Ciku usiku."

Lydiah alikuwa hapo juu anachuma majani. Hakuinua kichwa.