Kaburi Kwenye Shamba la Watu

Sidi wa Kenga alikuwa na maoni juu ya kila jambo la Magogoni, na hakungoja kuulizwa. Nani aliyetia kamba mbovu kisimani, mgema gani achanganyaye tembo lake na maji, kwa nini unga umejaa wadudu tangu vita vya Hitla viishe, yote hayo Sidi alikuwa na jibu lake tayari. Asubuhi alikaa barazani kwake akikaanga mihogo, na makuli waliokuwa wakiteremka kwenda kuvuka daraja la Nyali walinunua kipande cha muhogo wakapewa na maoni juu yake, watake wasitake.

Alizaliwa Kaloleni, akabatizwa akiwa mtu mzima, akaolewa na Kenga wa bandarini, akaletwa Magogoni, akamzaa Chengo na wenziwe, akalea, akafiwa na mume. Na katika hayo yote, alijisifu, hakuna jambo lililopata kumshangaza. Alikuwa akisema, "Mimi? Mimi nishangae nini tena? Nimeyaona yote!"

Hakuwa ameyaona yote. Aliyaona mwaka ule, vita vilipokuwa vimekwisha na watu wakidhani mabaya yamekwisha navyo.

Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka Kaloleni kwenye arusi ya mtoto wa kaka yake, kapu la mahindi kichwani, furaha tele. Akamwona jirani yake Nafula ameketi chini mlangoni, leso kaifunga kiunoni, macho yamemvimba. Nafula alikuwa mtu wa Bara, Mluhya, na mumewe Dishon alipakua mizigo huko Kilindini. Walikuwa wameinunua nyumba ile kwa Mzee Baya mgema, haujatimia mwaka. Sidi alimpenda, ingawa alisema Kiswahili chake kinakwaruza koo. Alimpenda zaidi kitoto chake, Pascalia, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutambaa, na kila alipotambaa alielekea kwenye mihogo ya Sidi.

"Mama Chengo, Pascalia hayupo," Nafula akasema. "Homa tu. Imemshika jioni, kabla ya jua kutoka amekwenda."

Sidi akalitua kapu, mahindi yakamwagika, naye hakuyaangalia. Akaketi mchangani, akamkumbatia Nafula, wakalia pamoja mpaka sauti zikawakauka. Ndipo Sidi, akijifuta kwa ncha ya leso, akauliza kama mtu yeyote angeuliza:

"Mmempeleka wapi mwanetu? Makaburi ya misheni?"

"Hapana. Yuko hapa nyumbani. Nyuma, chini ya upenu."

Machozi ya Sidi yakakatika palepale. Akainuka, akazunguka nyumba, akaona. Tuta dogo la mchanga mbichi, mawe yamepangwa pembeni, msalaba wa vijiti viwili, na juu yake kikombe cha bati cha mtoto. Akashika ukuta.

"Mulungu wangu! Nafula! Mmezika kwenye shamba la watu?"

"Watu gani?" Nafula alikuwa amemfuata. "Nyumba ni yetu. Tulinunua mbele ya mashahidi. Wewe mwenyewe ulikuwapo, ukala na wali."

"Mlinunua nyumba!"

"Ndiyo, nyumba."

"Nyumba, mwanamke wewe! Nguzo, fito, udongo wa ukutani, makuti ya juu. Mchanga nani kawauzia?"

Nafula alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Sasa Mama Chengo, nyumba inasimama juu ya nini? Mtu anaweza kununua nyumba iliyo hewani?"

Na hapo ndipo Sidi alipofahamu. Kumbe yuko mtu mzima, mwenye akili zake, asiyejua! Pwani jambo hili mtu hulinyonya na maziwa: nyumba ni nyumba na shamba ni shamba. Nyumba zote zile za Magogoni, pamoja na ya Sidi, zilisimama juu ya shamba la Bibi Mwanasaumu wa kule Mvita, kwa ruhusa yake, na kila mwaka alipewa ijara yake. Minazi yake. Mchanga wake. Ukitaka kujenga kwa udongo na makuti, jenga. Ukitaka kupanda viazi na mchicha, panda. Lakini usipandishe ukuta wa mawe, wala usipande mnazi wala mwembe, maana chenye kuweza kung'olewa ndicho cha mpangaji, na chenye kukaa ni cha mwenye shamba. Kaburi halikutajwa kamwe. Nani angelitaja? Wagiriama wafu wao waliwarudisha Kaloleni, Waislamu walikuwa na makaburi yao, na watu wa misheni yao.

Wala hakuna aliyemficha Nafula. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyedhani yuko wa kuambiwa. Na waliochimba kaburi walikuwa wenzake Dishon wa bandarini, watu wa Bara watupu, nao kwao mtoto huzikwa nyumbani kwa wazazi wake, hatupwi ugenini. Jirani walipopata habari, mchanga ulikuwa umekwisha kurudishiwa.

Habari ilifika kisimani kabla ya ndoo. Lahaula, maneno yaliyosemwa pale! Mmoja alisema Bibi akiliona kaburi atawafukuza wote, wenye kosa na wasio na kosa. Mwingine akasema ndiyo tabu ya kuuzia watu wa Bara. Wa tatu, aliyekuja matangani jana yake akala na kulia, akapiga mdomo akasema nguo ya kuazima haisitiri matako, sasa watu wote watatoka uchi. Mzee Baya akaitwa, akaja akitetemeka, mgema mzee wa watu.

"Mimi nimekosa nini?" akalalama. "Niliuza nyumba. Sikumwambia mtu azike!"

"Ulimwambia asizike?" Sidi akamwuliza.

"We Sidi! Nani amwambiaye mwenziwe asizike?"

Lakini siku zilikuwa zimekaribia za kuangua nazi, na Bibi hakukosa kuja mwenyewe kuzisimamia, jicho lake kali ingawa mgongo umepinda. Sidi akawaza na kuwazua, kisha akamwendea Nafula na shauri aliloliona la busara. Alikwenda polepole, na sauti ameishusha.

"Mamake Pascalia, nisikilize. Mtoto haumii tena. Tutoe msalaba, tutoe mawe, tusawazishe mchanga, tupande viazi juu. Bibi atapita ataona viazi. Wewe utajua, mimi nitajua, Mungu atajua. Basi."

Nafula hakupiga kelele.

"Viazi hivyo vikikomaa, Mama Chengo, utavila?"

Sidi alihisi uso unamwaka. Aliona haya mpaka akatamani ardhi impasukie, na ardhi yenyewe si yake. Aliondoka pale bila kuaga, akaenda kukaanga mihogo ikamwungulia yote. Alijua jambo moja tu sasa: akija Bibi akasema kaburi lifukuliwe, Nafula atarukwa na akili, na hakuna mtu Magogoni nzima atakayethubutu kumzuia Bibi.

Bibi Mwanasaumu akaja, buibui na mwavuli, mkwezi wake nyuma na panga kiunoni. Watu wakatoka kumwamkia, shikamoo Bibi, shikamoo Bibi, kila mmoja akijaribu kusimama mahali ambapo mwili wake utaziba njia ya kwenda kwa Nafula. Ungecheka kama isingekuwa msiba. Sidi mwenyewe alimshika mkono Bibi, akamwonyesha minazi ya upande wa pili kabisa, akaisifu kwa namna ambayo hata mkwezi alishangaa.

Kumbe Nafula hakuwa ndani amejificha. Alikuja kwa miguu yake, akapasua katikati ya watu, akapiga magoti mchangani mbele ya Bibi.

"Shikamoo, Mama. Mimi ndiye niliyenunua nyumba ya Mzee Baya. Nilifiwa na mtoto. Nimemzika nyuma ya nyumba. Sikujua kama mchanga ni wako. Nimejua baada ya kumzika."

Mzee Baya akashika kichwa. Bibi aliutua mwavuli polepole, akausimamisha mchangani, akauegemea.

"Umezika," akasema. "Kwenye nti yangu, mchanga wangu. Umezika."

"Ndiyo, Mama."

"Nipeleke."

Wote wakafuata. Bibi akasimama juu ya kile kituta, akaangalia msalaba, akaangalia kikombe. Midomo yake ikawa inacheza. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. "Alikuwa wa kike?"

"Wa kike. Ananyonya bado."

Bibi akawageukia watu wote. "Nilivyosomeshwa mimi, maiti akizikwa kwenye nti ya mtu bila idhini, mwenye nti ana haki ya kutaka atolewe. Ni haki yangu, mwaijua?" Sidi alikuwa amemshika Nafula begani. "Lakini kusamehe ni bora. Nami simtoi. Hapa alipolala nimempa, hapa na mawe yake. Mkwezi wangu hatapita juu, wala wanangu hawatapita juu. Nyote mashahidi."

Jamani! Mzee Baya alikaa chini akalia kama mtoto. Wanawake wakakumbatiana. Yule wa nguo ya kuazima alikuwa wa kwanza kusema alijua tangu mwanzo kuwa Bibi ana moyo mwema. Nafula akainamisha kichwa mpaka chini, akamshika Bibi miguu, akisema ahsante Mama, ahsante Mama, na Sidi akamshukuru Mungu kwa lugha zote alizozijua.

Bibi akangoja mpaka kelele zikatulia.

"Nyumba mutaivunja lini?" akauliza.

Sidi alidhani hakusikia vizuri. "Nyumba gani, Bibi?"

"Hii. Nguzo zenu na makuti yenu chukueni, ni mali yenu, siwadhulumu. Lakini hapa asikae mtu."

"Bibi! Wallahi, si umesamehe sasa hivi? Sote tumesikia!"

"Nimemsamehe maiti." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Sidi zaidi. "Nisikilize, Sidi, wewe ni mtu wa pwani, wafahamu. Mimi ni mzee. Kesho nikifa, wanangu watakuja wakute nyumba, na kando yake kaburi, na ndani ya nyumba mama wa aliye kaburini. Nani atamwambia mama huyo ondoka? Hataondoka, na watu watasema ana haki. Kaburi na nyumba vikikaa pamoja, shamba limekwenda. Nimempa mtoto mahali pa kulala. Mamake sikumpa."

Nafula alikuwa bado amepiga magoti. Alitazama nyumba, akatazama kaburi, akatazama nyumba tena, kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto asijue ni ipi iliyo kweli.

"Na nikitaka kuja kumwona?" akauliza, sauti yake ndogo.

"Njoo, mwanangu. Sikukatazi," akasema Bibi. "Lakini utapiga hodi kwanza. Ni shamba la watu."

Akaokota mwavuli wake, akaenda kuhesabiwa nazi zake. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Kila mmoja, hata yule wa nguo ya kuazima, alikuwa anaitazama nyumba yake mwenyewe kwa macho mengine. Sidi aliitazama yake pia. Pale Kenga alimleta akiwa mwari. Vitovu vya watoto wake wote vilizikwa pale kizingitini. Miaka yote hiyo alikuwa akisema "kwangu", na alijua, oo alijua, mtu wa pwani hakosi kujua, lakini kulijua jambo na kulisikia moyoni likikugonga ni mambo mawili mbalimbali.

Dishon na wenziwe waliivunja nyumba. Makuti yalishushwa, fito zikafungwa mafungu, nguzo zikang'olewa, zikapakiwa kwenye mkokoteni kwenda Changamwe, ambako Dishon alipata chumba karibu na reli. Udongo wa ukutani ukabaki chungu, mvua zikausambaza. Bibi akapandisha mihogo pale, akaacha mahali pa kaburi kama alivyoahidi. Lililoahidiwa lilitimizwa, hakuna wa kusema Bibi ni mwongo.

Jumapili moja Sidi alikuwa jikoni akipepea moto, akasikia mtu nje.

"Hodi."

Akachungulia. Nafula alikuwa amesimama katika ile mihogo michanga, pale pale palipokuwa mlango wake, nguo yake ya kanisani imejaa vumbi la njia ndefu, na mkononi ana maua ya kuchuma njiani. Hakusogea mbele hata kidogo. Kaburi lilikuwa hatua chache tu kutoka alipo, analiona. Alisimama akingoja apewe ruhusa ya kumfikia mtoto wake, na wa kumpa hakuwapo, ni minazi tu.

"Hodi," akaita tena.

Sidi alifungua mdomo amwitikie. Neno lilikuwa ulimini, neno analolisema kila siku ya Mungu bila kulifikiri. Likamkwama. Angemkaribisha wapi, na yeye ni nani katika mchanga ule? Akasimama na upepeo mkononi, na moto ukamzimikia.

"Hodi wenyewe," Nafula akaita mara ya tatu, na sasa analia.