Gundi Isiyowasha Macho

Mtu akiniambia Garissa haitengenezi kitu ila jua, namwacha amalize, halafu namkaribisha chini ya paa letu saa saba za mchana. Nje mabati yanaweza kukaanga yai. Ndani mtu anakunywa chai ya maziwa na anaomba ya pili. Juu ya kichwa chake kuna blanketi la paa tulilotengeneza kwa mikono yetu, nami naringa nalo, sioni haya. Mwenye wivu ajinyonge.

Blanketi hilo halifumwi wala halishonwi. Manyoya ya ngamia na sufu ya kondoo hutandazwa tabaka juu ya tabaka, yakanyunyiziwa gundi, yakabanwa, yakaokwa kwenye tanuri la udongo mpaka yashikane. Mama yangu ndiye aliyeianzisha kazi hii, yeye na shangazi yangu, ambaye kwetu tunamwita eedo, pamoja na wanawake wa mtaa. Mama alikuwa na mkono wa kupanga manyoya. Blanketi lake ukiliinua juani huoni tundu.

Gundi yenyewe ilitoka Nairobi kwa mapipa. Ilishika vizuri, siwezi kuisingizia. Lakini ndani yake mlikuwa na formaldehidi, ndugu wa ile formalini ya kuhifadhia maiti, na blanketi likiokwa hewa yake ilichoma macho na koo. Sisi tulitokwa machozi, tukataniana, tukaendelea. Kifua cha mama kikakataa. Pumu iliyokuwa imelala tangu ujana wake ikaamka, na daktari akamwambia waziwazi achague gundi au pumzi.

Akarudi nyumbani. Mwenye kazi akawa wa kukaa mkekani, anatuuliza habari za kazi yake mwenyewe kama mpita njia. Iliniuma sana kumwona vile. Nikamwambia, "Hooyo, utarudi kazini." Hooyo ndiyo mama kwa Kisomali.

Akanitazama. "Usiniahidi mvua. Wewe si Mungu."

Basi, mimi nikiambiwa hivyo ndipo ninapochachamaa. Nilikuwa nimesomea mambo ya vitambaa chuoni, na nilijua kwamba viwanda vingine duniani vimeshaachana na formaldehidi. Wanatumia wanga au sukari pamoja na asidi ya limau. Nikajiuliza, sisi tunakosa nini? Wafugaji wa upande wa Habaswein huleta utomvu wa migunga kwa magunia. Unapita hapa mjini ukienda kwa watu wa mbali wautie kwenye soda na peremende. Unaofaa soda zao utashindwaje na manyoya yetu?

Mara ya kwanza ulishika kama jiwe. Nikapiga kelele za furaha. Eedo, ametoka kutawadha, akaligusa blanketi kwa mkono uliolowa, utomvu ukayeyuka kwa maji, nalo likamng'ang'ania kama mtoto anayenyonya. Wanawake walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka, nilikwenda zangu bila kuaga.

Nilirudi na asidi ya limau, ule unga mweupe wa madukani wanaotia kwenye sharubati. Peke yake haukufanya kitu. Siri ilikuwa moto: tukaoka zaidi ya mazoea, hadi blanketi likapata rangi ya anjera, chapati yetu ya maji, iliyoiva. Hapo asidi na utomvu hushikana visiachane tena. Tukalizamisha kipande kwenye beseni kutwa nzima, kikatoka kizima. Tukakining'iniza juu ya jiko la makaa, kikapiga weusi pembeni na kukataa kuwaka. Alhamdulillahi! Eedo alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani anaolewa.

Lakini beseni na jiko havikuweza kuniambia nilichotaka kujua. Nilitaka kujua kifua cha mama kitasemaje.

Tukapanga asubuhi moja. Mablanketi yaliyotoka tanurini yatajazwa katika chumba chetu cha kazi, madirisha yafungwe, na mama aingie akae, dawa yake ya kuvuta mkononi. Alikuja pia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu wa bara, aliyetaka mablanketi kwa madarasa yake. Yale ya zamani yaliwatoa watoto machozi, kwa hiyo aliapa hatanunua kabla hajanusa.

Mama akasema bismillahi, akaingia. Hata hajakaa vizuri, akakohoa. Akakohoa tena, mkono kifuani, akainuka na kutoka bila kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Mmoja wa wenzangu alianza kunipa pole, nikamfokea aniache.

Mwalimu akatia pua mlangoni. "Lakini madam, mbona gundi yenu inanukia harusi?"

Nilinusa, sikusikia kitu. Pua zetu zimezaliwa ndani ya harufu hiyo. Kisha nikamtazama eedo. Eedo alikuwa anatazama dari.

"Nani amewasha uunsi?"

Uunsi ni ubani wetu wa nyumbani, haingii mgeni kabla haujafukizwa. Eedo alikijaza chumba moshi tangu alfajiri, akatoa chetezo, akaona amemaliza adabu. Wala hakukana. Alimgeukia mwalimu kwa Kiswahili chake kisichojua herufi p: "Mwalimu, mtu mkubwa anarudi kwa kazi yake. Mimi nitabokea yeye na nyumba haina harufu? Sisi si watu?"

"Eedo! Daktari si alimkataza moshi wowote?"

"Sikuwasha akiwa ndani!" akanijibu kwa Kisomali. "Moshi ulikwisha toka!"

Nilimwambia dada wa baba yangu maneno ambayo hayasemwi kwa mkubwa, naye akanijibu moja baada ya jingine, na ya ziada akanipa. Mwalimu alisogea akasimama juani. Mama, aliyekuwa ameshavuta dawa yake na kutulia pale langoni, akaanza kucheka. "Wajinga nyinyi," akasema. "Osheni chumba, mrudie."

Tukaosha chumba, tukakiacha wazi kipigwe na upepo. Yale mablanketi yalikuwa yamekunywa moshi, hayakufaa tena, tukaoka mengine. Safari hii mwalimu alitangulia, akazika uso wake kwenye blanketi. "Mkate," akasema. "Inanukia mkate tu."

Mama akaingia. Tukafunga mlango. Nilikaa palepale alipozoea kukaa yeye, mbele ya tabaka nililokuwa nalipanga, nikajifanya nina kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikiliza pumzi yake, nayo ilikuja na kwenda polepole, bila mluzi. Chai ya mwalimu ilipoa mkononi mwake.

Kisha mama akainama, akavuta pembe ya kazi yangu.

"Nani amepanga hii?"

"Mimi, hooyo."

"Umepanga kama mtu anayekimbizwa na simba. Hapa nene, hapa tundu." Akaiweka dawa yake chini, akakunja mikono ya nguo. "Hebu ondoka mahali pangu."

Nikainuka nikampisha, nikalia mbele ya mwalimu wa watu bila aibu yoyote.